Mtoni

Leo ni siku ya tano tangu nirudishiwe rasimu ya sura ya pili, na neno moja lililoandikwa kwa penseli kwenye pambizo bado linaninyima usingizi. Wiki hii mdogo wangu amesafiri kwenda Maskati kutafuta kazi, theluji imeanguka kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii, na nimefaulu ule mtihani wa mazungumzo wa Kijerumani niliokuwa nikiulalamikia hapa tangu Oktoba. Nikifumba macho, hata hivyo, naiona penseli tu.

Mnaonisoma siku zote mnajua jinsi insha hii ndefu ya mwaka wa mwisho ilivyonisumbua. Haina swali la kupewa. Mwanafunzi hujitafutia mada, hujiwekea swali lake mwenyewe, huonana na msimamizi mara nne kwa mwaka mzima, kisha hukabidhi maneno 8,000 kuhusu jambo ambalo hakuna aliyemfundisha darasani. Baada ya kubadilisha kichwa mara tatu nilitua kwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akawa Emily Ruete huko Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Nilitaka kujua maneno ya kwetu aliyoyaacha ndani ya Kijerumani chake yanafanya kazi gani humo.

Kitabu kinaanzia Bet il Mtoni, jumba alimozaliwa, na mapema kabisa anamweleza msomaji wake kwamba jumba hilo limepata jina kutokana na mto mdogo uitwao Mtoni. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktabani. Yeyote aliyewahi kupanda daladala ya Bububu na kumwambia konda amshushe Mtoni anajua kwamba hilo si jina la mto: ni mto uliotiwa -ni, basi. Nikaandika aya ndefu, niliyoiona bora kuliko zote, nikieleza kwamba jina la jumba limeungwa kwa lugha mbili, nyumba (Bet) na kibainishi chake (il) vimetoka katika Kiarabu na mahali (Mtoni) pametoka katika Kiswahili, na kwamba jina lilipovushwa kuingia Kijerumani ile -ni iliganda, mahali pakageuka kuwa jina la maji. Msimamizi wangu aliipigia mstari aya nzima na kuandika pembeni: Quelle?

Quelle ni chanzo, na kwa Kijerumani, kama kwetu, neno hilo hutumika kwa kitabu kinachorejelewa na pia kwa mahali mto unapoanzia. Siku nyingine ningeufurahia utani huo.

"Chanzo chako ni nini hapa?" aliniuliza tulipoonana.

"Ni mimi mwenyewe. Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kwanza, na kwetu si mbali na hapo Mtoni."

"Sina shaka nawe. Lakini msomaji hakujui."

Nikasema, "Sawa." Hilo "sawa" ndilo linaloniuma kuliko Quelle. Tangu siku hiyo nimeyajibu maneno yale nikiwa bafuni, nikiwa kwenye basi, na hata nikiwa katikati ya rakaa, Mungu anisamehe. Mara namwuliza kama Mjerumani akiandika kwamba Haus ni nyumba naye hudaiwa ushahidi. Mara nakusanya karatasi zangu na kutoka bila neno, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu mzima. Lililo baya zaidi ni kwamba kila ninapoyakumbuka vizuri, nakumbuka pia kwamba aliyasema kwa upole, huku akinisogezea kikombe cha chai.

Jumatano nilipiga simu nyumbani nikaomba kuzungumza na bibi.

"Bibi, ule mto wa pale Mtoni unaitwaje?"

"Unaitwa mto."

"Jina lake, bibi."

"Mjukuu wangu, watu huenda mtoni, hawaendi kwa fulani. Hayo ndiyo mnayotozwa ada?"

Kwangu mimi jibu hilo lilitosha kuwa tanbihi, ila kanuni za idara zinataka mahojiano yoyote yapate kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na sikujiona nikimjazia bibi fomu ya kuridhia kunukuliwa.

Alhamisi nikashuka tena maktabani, na huko nikamkuta Edward Steere. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichapishwa London mwaka 1870, na hiyo -ni ya mahali imo, imeelezwa kama kanuni. Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864, kwa hiyo kwa miaka miwili hivi yeye na Salme walikuwa katika kisiwa kimoja, mmoja akijifunza -ni na mwingine akiitumia bila kuifikiria. Niliandika tanbihi yangu kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Baada ya kuifunga nafsi ikanisuta, maana kuna mtu wa Unguja aliyemfundisha Steere kwamba kwenye nyumba ni nyumbani, na mimi sasa naaminiwa kuhusu lugha ya mtu huyo kwa sababu nimemtaja mwanafunzi wake.

Hasira, hata hivyo, ilikuwa imekwisha, na nilipoisoma tena ile aya bila hasira niliona upungufu wake. Steere ananithibitishia umbo la neno, wala hathibitishi kwamba Bibi Salme alikosea. Mtoni leo ni jina la mtaa, na huenda tayari lilikuwa jina alipokuwa mtoto. Jumbani humo, kwa maelezo yake mwenyewe, Kiarabu kilitawala mbele ya baba yake, na baba akigeuka tu zikasikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Pengine aliijua -ni vizuri sana akaona haina haja ya kumchosha msomaji wa Berlin, ambaye naye hakumjua. Nimefuta ukurasa mzima na kubakiza sentensi tatu na swali. Nadhani sura imekuwa nzuri zaidi, ingawa sitamwambia msimamizi hivyo kabla ya Machi.

Nilitaka kumsomea mdogo wangu sentensi hizo tatu, kwa kuwa yeye ndiye hunicheka nikijisifu. Ujumbe niliomtumia Jumanne bado una tiki moja. Mama anasema huenda hajanunua laini ya huko. Zimepita siku nne, na kwenye picha ya mwisho aliyotuma kutoka uwanja wa ndege alikuwa amevaa lile koti langu la zamani, ambalo zipu yake haifungi.