Kumbukumbu ya mradi: Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, presha ya oili imeacha kuporomoka kwenye breki

Imekubali. Rekodi ya karibuni kutoka kiwanja cha mbio cha Lime Rock, Connecticut, Marekani, inaonyesha presha ya oili haishuki chini ya psi 48 (pauni kwa inchi ya mraba) Camaro linapofunga breki kuingia kona ya Big Bend. Mstari huohuo wa grafu ulikuwa ukianguka hadi psi 18 kila mzunguko, mahali palepale. Springi za majani za nyuma, ambazo ndizo zilikuwa kazi inayofuata, bado hazijafungwa. Tatizo hili la oili limemeza kila kitu.

Injini ni ya inchi za ujazo 302, yenye alama ya DZ: kipenyo cha silinda inchi 4.00, mwendo wa pistoni inchi 3.00, kamshafti ya aina iitwayo 30-30, tapeti ngumu (vipande vinavyopanda juu ya kamshafti na kusukuma valvu). Kikomo cha Trans-Am, msururu wa mbio wa Marekani, kilikuwa lita 5, ndiyo maana Chevrolet waliunganisha bloku ya 327 na kranki ya 283, na injini iliyopatikana inatafuta nguvu zake juu kabisa, karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika. Na ndipo ubaya unapoanzia. Dereva akifunga breki huku anashusha gia, mizunguko ya injini inapanda sekunde ileile ambayo oili inakimbia. Kaba imefungwa, hakuna mlipuko wa kutosha kukinga uzito wa pistoni inapofika juu, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) ndizo zinazovutwa. Beringi inayokaushwa hapo haipigi kelele siku hiyohiyo. Inangoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gari likifunga breki kwa nguvu ya 1 g, sawa na mvuto wa dunia, uso wa oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) unalala kwa nyuzi 45. Sampo ya Camaro ina kina upande wa nyuma tu. Mbele ni bapa ili ipite juu ya krosimemba, boriti ya fremu chini ya injini. Kwa hiyo oili inapanda kutoka kwenye kina, inamwagika mbele kwenye sehemu bapa, na kranki inaichapa hadi iwe povu. Bomba la kufyonza limebaki nyuma likinywa hewa. Kwenye mbio za mstari mnyoofu hali ni kinyume: gari likiondoka, oili inasukumwa nyuma, palepale bomba lilipo. Kwa sababu hiyo sampo nyingi za madukani zinazouzwa kwa jina la mbio hazifai hapa hata kidogo. Zimetengenezwa kwa ajili ya kuondoka, na Z/28 ilizaliwa kwa ajili ya kona. Mark Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am mwaka 1968 akiwa na Camaro ya timu ya Penske, na mbio zile zilikuwa breki na kona kwa saa kadhaa.

Sasa vipimo. Geji ya dashibodi haifai kwa kazi hii. Sindano yake ni nzito mno kuona anguko la nusu sekunde. Sensa ya psi 0 hadi 100 imefungwa kwenye tundu la nyuma ya bloku, kando ya distributa, na inasomwa mara 20 kwa sekunde pamoja na kipima g. Bila kuweka mistari hiyo miwili pamoja huwezi kutofautisha pampu mbovu na sampo mbovu. Pampu mbovu inashuka pamoja na mizunguko. Sampo mbovu inashuka pamoja na breki.

Kuongeza oili robo galoni juu ya alama kulisaidia mizunguko michache tu ya kiwanja. Kisha kranki inaifikia, joto linapanda, na mabomba ya kupumulia yanaanza kutema. Pampu ya ujazo mkubwa ndiyo dawa inayopendekezwa kila mahali, nami naipinga waziwazi kwa injini hii. Gia zake ni za inchi 1.5 badala ya 1.2, yaani inasukuma robo zaidi. Sampo inakauka mapema zaidi, na gia ya distributa inabeba mzigo usio na faida. Iliyomo sasa ni pampu ya ujazo wa kawaida yenye springi ngumu zaidi ya valvu ya presha, na shafti yake ina kola ya chuma badala ya plastiki.

Sampo yenye vilango ilileta nusu ya ushindi. Ina mabawa pembeni, inabeba lita 6.6 pamoja na filta, na vilango vinne vinavyofunguka kuelekea bomba la kufyonza pekee. Kabla ya kufunga, pima nafasi kati ya bomba na sakafu ya sampo kwa udongo wa kuchezea, gaskiti ikiwa mahali pake: inchi 3/8. Chini ya hapo bomba linajinyima lenyewe, juu ya hapo linakaribia hewa. Bomba lililopigwa nyundo tu kuingia kwenye pampu litalegea kwa mtikisiko, kwa hiyo liunganishwe kwa shaba iliyoyeyushwa, lakini springi ya valvu itolewe kwanza, la sivyo moto unailegeza na presha yote inapotea. Bolti ya pampu kwenye kepi ya nyuma ya beringi kuu hukazwa kwa futi-pauni 65.

Baada ya hapo anguko la hadi psi 18 likawa la hadi 34. Bora, ila haitoshi kwa mizunguko 6,500. Na safari hii umbo lake lilibadilika: halikuanza na breki, lilianza karibu sekunde moja na nusu baadaye, gari likiwa tayari linapinda kulia.

Mpango ulikuwa kufunga tangi la akiba la lita 2.8, lile linalojazwa presha ya injini na kuirudisha mstari ukishuka. Tangi limebaki kwenye boksi. Ucheleweshaji ule ulileta swali jingine: oili iliyoko juu iko wapi wakati huo? Vichwa vya small-block (V8 ndogo za Chevrolet, kama hii) hurudisha oili kwa matundu ya mbele na ya nyuma. Kwenye breki inajikusanya mbele, inashuka nyuma ya kifuniko cha cheni, inaangukia sehemu bapa ya sampo, na hapo breki zinaizuia isirudi nyuma. Kilango hakina msaada kwa oili ambayo haijafika.

Ili kuona ni kiasi gani kinapanda, pampu ilizungushwa kwa drili vifuniko vya valvu vikiwa wazi. Hapa kifaa ni muhimu. Fimbo tupu ya bei rahisi, inayoingizwa badala ya distributa kuzungusha pampu, inaacha wazi njia ya oili ambayo mwili wa distributa huiziba, kwa hiyo upande mmoja haupati kitu na unadanganyika. Tumia distributa kuukuu iliyosagwa meno ya gia. Drili iwe kubwa, yenye kishikio cha biti cha inchi nusu. Ndogo inaungua presha ikishapanda. Zungusha kulia, na geuza kranki kwa mkono ili roka zote (mikono inayofungua valvu) zipate zamu.

Oili ilikuwa inamwagika kama bomba la mvua. Tapeti zilizokuwemo zina tundu pana. Zimetolewa, zikawekwa zile za mtindo wa GM ambazo hupimia oili kwenye ukingo mwembamba kati ya tapeti na tundu lake, zikipeleka juu kidogo tu. Sikutaka vizibo ndani ya njia za oili, kwa sababu springi za valvu kwenye injini hii hupozwa na oili hiyohiyo. Tapeti mpya juu ya kamshafti iliyotumika zinakubalika kama nundu zake ni nzima. Tapeti kuukuu kwenye nundu isiyo yake ni uharibifu wa hakika. Dakika 25 za mwanzo kwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 bila kuacha injini ishuke hadi mizunguko ya kutulia, oili 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kisha nafasi ya valvu ya inchi 0.030 injini ikiwa moto.

Matokeo ni hiyo psi 48. Anguko la pili limetoweka kabisa kwenye grafu. Limebaki bonde dogo la kwanza ambalo vilango vinalishika. Kwenye mnyoofu unaobeba jina la Sam Posey, aliyeshinda Trans-Am hapohapo mwaka 1969 akiwa na Mustang, presha inasimama 64 bila kutikisika.

Kilichojitokeza sasa ni joto: oili inafika nyuzi 128 za Selsiasi mwisho wa kipindi, na kwa tapeti hizi sitaki ivuke 120. Rejeta ya oili itatangulia springi za majani. Mabomba yatakuwa ya AN-10 (AN ni kipimo cha upana wa bomba). AN-8 ni membamba mno kwa 20W-50 asubuhi ya baridi, na yatanyonya presha iliyopatikana kwa shida yote hii.