Taa Mbili za Breki: Kumbukumbu ya Mradi Wangu, Malindi

Wiki ya kwanza

Taa ya manjano yenye herufi ABS, yaani mfumo unaozuia breki zisiyakabe magurudumu, ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi ya gari langu tangu mvua za masika, nami nikaizoea, kama wanavyoizoea wenye magari wengi hapa Malindi. Jumamosi iliyopita nilikuwa narudi kutoka Mambrui na magunia manne ya nazi nyuma, na mara tu baada ya kuvuka daraja la mto Sabaki taa nyekundu ya breki nayo ikawaka. Nilisimama kando ya barabara nikafungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa yamefika alama ya juu, na handibreki ilikuwa imeshushwa kabisa, lakini taa zote mbili hazikuzimika. Nilipokanyaga polepole breki zilishika kama kawaida, kwa hiyo nikaendelea na safari kwa mwendo mdogo hadi mjini.

Nilimpelekea gari fundi mmoja mzee ambaye amenitengenezea magari kwa miaka mingi. Alizitazama taa, akafuta mikono, akasema, "Mwanangu, hiyo ABS ikifa breki hurudi kuwa za kawaida, kama za magari tuliyoyakuta sisi. Ng'oa fyuzi yake uendelee na shughuli zako." Nilimjibu, "Nimekusikia, mzee, lakini niachie wiki chache niitafute hitilafu yenyewe."

Maneno yake ni ya kweli ikiwa taa ya manjano inawaka peke yake. Zikiwaka mbili kwa pamoja katika gari la aina hii, mambo ni mengine, na kwa sababu hiyo nimeamua kuweka kumbukumbu hii.

Kwanza nieleze kazi ya ABS. Tairi hushika barabara vizuri zaidi linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, yaani linapokuwa na mtelezo mdogo. Kwenye lami kavu nguvu ya kushika hufikia kilele pale mtelezo unapokuwa kama asilimia 10 hadi 20. Breki ikilikaba gurudumu hadi likaacha kuzunguka, mtelezo huwa asilimia 100, nguvu ya kushika hupungua, na lililo zito zaidi ni kwamba gurudumu la mbele lililokabwa halisikii usukani: dereva hukata kulia, gari likazidi kuserereka mbele moja kwa moja. ABS hulizuia gurudumu lisifike huko. Kila gurudumu lina sensa inayopima mwendo wake, na kila gurudumu lina vali mbili ndani ya kisanduku cha chuma kilicho chini ya boneti. Vali ya kwanza kwa kawaida iko wazi na hupitisha mafuta ya breki kwenda kwenye gurudumu. Ya pili kwa kawaida imefungwa. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapunguza mwendo kwa ghafla kuliko gari lenyewe linavyoweza kupunguza, hufunga vali ya kwanza ili shinikizo lisiongezeke. Ikiwa bado gurudumu linaelekea kukabwa, hufungua ile ya pili, mafuta kidogo yakatoka, na pampu ikayarudisha upande wa masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Gurudumu likishapata mwendo wake, vali ya kwanza hufunguliwa tena. Haya yote hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja, na mtikisiko wake ndio dereva anaousikia mguuni. Wapo madereva wanaoshtuka wakausikia na kuinua mguu, na hilo ni kosa la hatari, kwa sababu wakati huo pedali inatakiwa kukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa.

Wazo hili lilianza katika ndege kabla ya magari. Kampuni ya Dunlop ilitengeneza kifaa chake kilichoitwa Maxaret kwa ajili ya magurudumu ya ndege katika miaka ya 1950, na mwaka 1966 kifaa hicho kikatumika katika gari la Kiingereza la Jensen FF. Mfumo wa kielektroniki wa Bosch, ambao ndio babu wa huu ulio katika gari langu, uliingia katika Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978.

Wiki ya pili

Juma zima nimekuwa nikilifikiria lile jibu la fundi, na leo nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya gari langu.

Gari tupu lina uzito wa karibu kilo 1,100. Likiwa limesimama, magurudumu ya mbele hubeba kama kilo 660 na ya nyuma 440. Breki zikikanyagwa kwa nguvu, uzito huhamia mbele, jambo ambalo kila abiria amelisikia mwilini mwake. Kwa gari ambalo kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.45, breki kali ya lami kavu huhamisha takriban kilo 170. Kwa hiyo mbele hupata karibu 830, na nyuma hubaki na 270 tu. Magurudumu ya nyuma yakipewa mgao wa shinikizo sawa na ule yanaoupata kwenye breki ya polepole, hukabwa upesi kwa kuwa hayana uzito wa kuyashikilia. Na magurudumu ya nyuma yakikabwa kabla ya yale ya mbele, mkia wa gari huanza kutaka kutangulia. Gari lililokabwa mbele husonga moja kwa moja, lakini lililokabwa nyuma huzunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha.

Watengenezaji wa zamani walilijua hilo, wakaweka vali ya kupunguza shinikizo la nyuma. Katika pikapu vali hiyo ilifungwa kwa springi kwenye ekseli, ili gari likibeba mzigo na kukaa chini, springi ivutwe na breki za nyuma zipewe shinikizo zaidi. Magari madogo mengi yalikuwa na vali isiyojua chochote kuhusu mzigo: ilipangwa kwa ajili ya gari tupu, kwa hiyo siku ya magunia ya nazi breki za nyuma zilifanya kazi ndogo kuliko uwezo wake.

EBD, yaani mgawanyo wa nguvu za breki kwa njia ya kielektroniki, iliiondoa vali hiyo. Hutumia sensa zilezile za ABS, vali zilezile na kompyuta ileile. Kilichoongezwa ni programu tu. Kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu ya nyuma na wa yale ya mbele kila unapokanyaga breki, hata kwa wastani, muda mrefu kabla ABS haijahitajika. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza zaidi kidogo kuliko ya mbele, vali zake za kuingiza mafuta hufungwa, na shinikizo la nyuma hubaki lilipo hata mguu ukizidi kukanyaga. Gari likiwa na mzigo, magurudumu ya nyuma hukawia kuteleza, kwa hiyo hupewa zaidi. Ni kazi ya kimya kabisa, na nadhani ndiyo maana watu hawaijui.

Sasa basi: gari la zamani lisilo na ABS lilikuwa na vali yake ya chuma. Gari langu halina. Kompyuta ikijitoa kazini hakuna kitu kinachoyalinda magurudumu ya nyuma, na hiyo ndiyo habari inayotolewa na taa nyekundu ikiwaka pamoja na ya manjano. Sensa moja ikifa, mifumo mingi huzima ABS lakini huendelea na EBD kwa kutumia sensa zilizobaki. Hapo huwaka ya manjano peke yake. Nyekundu ikiongezeka, na mafuta ya breki yapo, na handibreki iko chini, basi EBD nayo imeondoka. Breki za gari hilo haziwezi kuitwa za kawaida, kwa maana gari halikuundwa kuendeshwa bila kinga hiyo.

Wiki ya tatu

Niliinua gurudumu mojamoja kwa jeki, nikachomoa soketi ya kila sensa na kuipima kwa mita. Sensa za mbele zilisoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,100 na 1,120. Ya nyuma kulia haikusoma kitu: waya umekatika ndani ya mpira wake, pale unapopinda kila mara gurudumu linapopanda na kushuka. Ya nyuma kushoto ilisoma 1,080, yaani nzima kabisa, na hapo nusura nipotee njia. Ndipo nilipogeuza mita ipime volti, nikamwomba mpwa wangu azungushe gurudumu kwa mkono. Ya mbele ilitoa karibu milivolti 300. Ile ya kushoto nyuma ilitoa 40.

Sensa za aina hii hazina siri kubwa. Ndani mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na mbele yake huzunguka pete ya chuma yenye meno. Kila jino likipita, nguvu ya sumaku hubadilika na kijiumeme huzaliwa katika waya. Pete zangu zina meno 48, na mzunguko wa tairi, nilioupima kwa chaki sakafuni, ni sentimita 183. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kompyuta hupokea takriban mapigo 437 kwa sekunde kutoka kila gurudumu. Gurudumu moja likitoa 350 huku mengine yakitoa 437, limeshafika mtelezo wa asilimia 20. Kijiumeme hicho hutegemea sana ukaribu wa sensa na pete, na nafasi inayotakiwa haizidi milimita moja hivi. Nilipoingiza vibati vya kupimia nafasi katika gurudumu la kushoto, kilipita cha milimita mbili.

Kuing'oa sensa hiyo kulichukua siku mbili. Bolti yake ni moja na ilifunguka bila taabu, lakini sensa yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania kwenye tundu lake kama mzizi. Niliimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikarudia alfajiri, nikaizungusha kwa koleo kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka ikatoka nzima. Chini yake, pale plastiki inapokalia chuma, palikuwa na tabaka la kutu lililopangana kama kurasa za kitabu kilicholowa maji. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ilikuwa ikikua chini ya sensa na kuisukuma nje mwaka baada ya mwaka. Hewa yetu ya chumvi haihitaji mwaliko. Nilikwangua kwa patasi, nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi nyembamba, nikairudisha. Mita ikasoma milivolti 260.

Sensa ya kulia niliagiza iliyotumika kutoka Mombasa, ikaletwa na basi. Nilipowasha gari, taa zote mbili zilimulika kwa sekunde chache, kama zinavyotakiwa kila gari linapowashwa, kisha zikazima.

Wiki ya nne

Jumapili alfajiri tulikwenda upande wa Kakuyuni, kwenye uwanja mpana wa murram usio na mtu. Mpwa wangu alisimama mbali, pembeni, akirekodi kwa simu. Mwendo ulikuwa kilomita 40 kwa saa katika kila jaribio, gari likiwa tupu.

ABS ikiwa kazini, pedali ilitetemeka, gari likasimama limenyooka, kwa umbali wa mita 16. Kisha nilichomoa fyuzi, taa mbili zikawaka, nikarudia. Safari hii lilisimama kwa mita 13. Nilitarajia hivyo: kwenye kokoto na mchanga, gurudumu lililokabwa hulimbikiza udongo mbele yake na udongo huo husaidia kulizuia gari, ilhali gurudumu linaloachiwa lizunguke huupanda na kuupita. Anayeendesha sana njia za vumbi anapaswa kulijua hili na kuacha nafasi kubwa zaidi mbele yake.

Lakini mpwa wangu alikuja mbio na simu. "Mjomba, tazama nyuma." Tuliitazama picha polepole. Magurudumu ya nyuma yaliacha kuzunguka kwanza, ya mbele yakiwa bado yanazunguka, na mkia wa gari ukasogea kushoto karibu hatua moja. Ndani ya gari niliusikia kama mtikiso mdogo tu. Hiyo ilikuwa kilomita 40, kwenye uwanja mtupu, bila lori mbele wala nyuma yangu. Nilirudisha fyuzi palepale.

Wiki ya tano

Limebaki jambo moja. Nikisimama polepole kwenye lami kavu, pedali hutetemeka mara mbili tatu gari linapokaribia kutulia, kwenye mwendo wa kilomita kumi hivi. Hapo mapigo ya sensa ni machache na dhaifu, na gurudumu moja likitoa ishara hafifu kuliko mengine, kompyuta hudhani limekabwa. Leo nimeikagua pete ya mbele kulia nikakuta mabonde kati ya meno kadhaa yamejaa unga wa chuma uliovutwa na sumaku. Nimeyasafisha kwa brashi ya waya, jino baada ya jino, na mtetemeko umekwisha.

Nimebadilisha pia mafuta ya breki, kwa sababu yaliyokuwamo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Aina iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa hushuka hadi 155. Maji hayohayo hula vali za ABS kwa ndani.

Jioni nilipita kwa fundi na ile simu. Aliitazama picha mara tatu, hakusema neno, kisha akaniita tukaenda nyuma ya gereji, ambako kulikuwa na gari la mteja lenye taa mbili zinazowaka. "Hebu lete hiyo mita yako," akasema, akaanza kutafuta jeki.