Siku Nne za Februari Chicago: Nilivyofika Jukwaani Licha ya Baridi

Nilipokubaliwa kuzungumza kwa dakika 20 kuhusu matangazo ya nje, yaani yale ya mabango ya barabarani na vituoni, katika mkutano wa wanataaluma wa matangazo mjini Chicago, furaha yangu ilichanganyika na hofu, kwa kuwa mkutano uliangukia katikati ya Februari nami sikuwahi kuishi hata siku moja mahali penye theluji. Jiji lenyewe nilikuwa nikilitamani kwa miaka mingi. Huko ndiko Leo Burnett alikofungua wakala wake wa matangazo mwaka 1935, na huko ndiko Thomas Burrell alikoanzisha wa kwake mwaka 1971, akisisitiza kwamba Wamarekani weusi wazungumziwe kwa kufuata maisha yao wenyewe, badala ya kupewa matangazo yaliyotungwa kwa ajili ya wazungu na kubadilishwa sura za waigizaji tu. Kwa mtu wa kazi yangu, safari hiyo ilistahili kila taabu, lakini nilitaka nifike mbele ya watu nikiwa na sauti yangu na akili iliyotulia.

Nilimpigia simu kaka mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, ambaye ameishi muda mrefu katika nchi za baridi. “Mdogo wangu, anza na miguu,” aliniambia. “Koti utalipata popote, lakini buti zikikubana utateseka kutwa nzima.” Nilifuata ushauri wake nikachagua buti zinazoacha nafasi ya soksi nene za sufu, maana kiatu kinachobana huzuia damu isizunguke vizuri vidoleni na hakibakizi hewa ya kutunza joto. Fulana za ndani nilizochukua hazikuwa za pamba, kwa sababu pamba hunyonya jasho, na ikishalowa humpoza aliyeivaa. Juu yake nilivaa sweta jepesi, kisha koti lisilopitisha upepo. Mpangilio huo ulinifaa hata ndani ya ukumbi, ambako hita ziliwashwa kwa nguvu na waliokuwa wamevaa vazi moja zito walitokwa jasho mapema.

Kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare nilipanda treni ya Blue Line, ambayo hufika katikati ya jiji kwa takriban dakika 45. Asubuhi iliyofuata kipimo kilionyesha nyuzi joto 15 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa ukivuma kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa. Vitu hivyo viwili vikikutana, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 26 chini ya sifuri. Sikuwa nimeelewa maana ya hesabu hiyo mpaka nilipokuwa barabarani. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa nje wa koti, na ingawa ilikuwa na zaidi ya nusu ya chaji, ilizimika kabla sijafika, kwani baridi hupunguza uwezo wa betri kutoa umeme. Tiketi yangu ya kuingilia, ramani na anwani ya ukumbi vyote vilikuwa humo. Nilichelewa kikao cha ufunguzi, jambo lililoniuma sana. Kuanzia siku hiyo simu ilikaa mfuko wa ndani, karibu na kifua, na kila kitu muhimu nilikichapisha kwenye karatasi.

Tatizo la pili lilikuwa koo. Hewa ya baridi ina mvuke mdogo, na ikipashwa moto ndani ya jengo huwa kavu kupita kiasi, hivyo niliamka siku ya pili nikiwa na midomo iliyopasuka na sauti inayokwaruza. Nilikunywa maji mara kwa mara hata bila kiu, nikatundika taulo lililoloweshwa karibu na kitanda usiku, na nikaacha kuzungumza nje penye upepo. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa zamu yangu, sauti ilikuwa imerudi.

Kilichoniokoa zaidi ni Pedway, mtandao wa njia za watembea kwa miguu, nyingi zikiwa chini ya ardhi, ulioanza mwaka 1951 na ambao sasa unaunganisha majengo na vituo vya treni katikati ya jiji. Sehemu nyingi hufungwa jioni na mwisho wa wiki, kwa hiyo nilipanga miadi yangu yote saa za kazi.

Hata hivyo, jambo lililonipa faida kubwa nililiona juu, kwenye jukwaa la treni. Vituo vingi vina taa za joto zinazowashwa kwa kitufe majira ya baridi, na abiria wote hujikusanya chini yake. Barabarani nilikuwa nimewaona watu wakipita mbele ya mabango makubwa huku wameinamisha vichwa, skafu zimefunika nyuso. Chini ya taa zile, watu haohao walisimama, wakainua macho, wakasoma bango lililokuwa mbele yao hadi neno la mwisho. Nilikumbuka kwamba mwaka 2008 jijini humo vituo kadhaa vya basi viliwekewa vipasha joto kuwa sehemu ya tangazo la chakula cha Stove Top, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kwa nini wazo lile lilikuwa zuri: tangazo lilimpa msomaji sababu ya kusimama kabla ya kumwomba asome.

Usiku wa kuamkia zamu yangu niliondoa picha sita katika wasilisho langu, zote zikiwa za mabango ya barabara kuu, nikaweka mbili nilizopiga kwenye jukwaa la treni. Swali nililowauliza wenzangu lilikuwa moja: katika hali ya hewa ya mahali husika, jicho la mpita njia hupumzika wapi? Mjadala uliofuata ulizidi muda uliopangwa, na mshiriki mmoja anayesimamia mabango katika jiji lenye joto kali alisimama kueleza kwamba kwake watu hujikusanya kivulini vivyo hivyo, naye hakuwahi kuweka tangazo hata moja humo. Tuliendelea kuzungumza tukishuka kwenda Pedway, na pale tulipoagana alikuwa tayari ameanza kuchora ramani ya vivuli vya vituo vyake nyuma ya ratiba ya mkutano.