Sanduku la masomo: hatimaye majina hayafutiki

Limekubali! Sanduku langu, kompyuta ndogo ya kufundishia bila intaneti, sasa halipotezi kumbukumbu za wanafunzi. Jana usiku nilichomoa betri makusudi katikati ya zoezi la hesabu. Lilipowaka tena, jina la mwanafunzi wa majaribio lilikuwepo na alama zake zote. Nimerudia mpaka mkono ukachoka. Zipo.

Wanaotumia Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) wanaijua adha hii: sola ikikata ghafla, kadi ya kumbukumbu inaharibika. Nikaifunga kadi iwe ya kusoma tu, ikapona, lakini kila alichofanya mwanafunzi kikawa kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na kwenda na umeme. Masomo yanabaki, mtoto anafutika.

Kwa shule ya hapa Nairobi ningevumilia. Mwalimu ana rejista. Hili linaenda Mayungu, Kilifi, kwa watoto wa wavuvi wa Kipemba. Baadhi ya wazee wao walivuka baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na serikali ikaja kuwatambua kuwa raia 2023. Kabla ya hapo NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, ilikuwa imeshaanza kudai namba ya cheti cha kuzaliwa, na asiyekuwa nayo hakuhesabiwa hata fedha za masomo zilipogawiwa. Familia ikienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, masomo yanakatika tena. Kwa mtoto wa namna hiyo, sanduku huenda likawa mahali pekee palipoandikwa kwamba amefika kwenye hesabu za sehemu na desimali. Ndiyo maana kila lilipofuta nilipandwa na hasira.

Dawa: KOLIBRI_HOME, folda ambamo Kolibri huweka data zake, nimeihamishia SSD ndogo (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), kadi imebaki imefungwa. Kipima volti kinaiamuru mashine ijizime betri ikishuka, na waya ukichomoka, kapasita kubwa zinashikilia umeme kwa sekunde zinazohitajika. Flashi za bei rahisi za Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi, sizigusi tena, zinakufa bila dalili. Viungo vyote nimechomea kwa risasi ya kuunganishia nyaya, maana skrubu na chumvi ya pwani haviishi pamoja.

Antena ya pili niliyoahidi awali kuliongezea sanduku itangoja. Nimenaswa na wazo la printa ya risiti: mtoto achapishiwe alichomaliza, mzazi aende nacho shule wanayohamia. Karatasi ya joto hufifia juani, kwa hiyo nataka ya utepe wa wino, ya volti 12. Mwenye kujua duka aniambie. Jumamosi naanzia River Road.