Pembe Mbili za Ubao

Mwezi wa Ramadhani, barazani kwetu Unguja, dhumna ziligongwa kuanzia baada ya tarawehe mpaka watu wakaitwa daku. Nilikuwa kidato cha tatu, na hesabu nilijiona nazijua.

Usiku mmoja ami alichora kwa mkaa, juu ya kipande cha boksi, vyumba 64 vya drafti, vyeusi na vyeupe, kila kimoja ukubwa wa nusu dhumna. Kisha akakata kwa wembe vyumba viwili vya pembeni, vilivyotazamana kwa mshazari. Vyote vyeupe, ila sikulitia hilo maanani.

"Haya, bingwa. Ujaze ubao kwa dhumna. Ukiweza, urojo wangu wiki nzima."

Vyumba 62, dhumna 31. Seti ina 28, nikaenda kuazima tatu baraza ya pili. Nikaugeuza ubao nusu mzunguko: ukabaki vilevile, pengo mahali pa pengo. Kitu kilichokaa sawa namna hii kitakataa vipi kujaa?

Kikakataa. Nilianzia pembeni, nikaanzia katikati, nikazungusha kama konokono. Mara ya nne vilibaki viwili, mbalimbali, vyote vyeusi. Mara ya tano vyeusi tena. Wazee walishaacha kunicheka, wamerudi kwenye mchezo wao.

Ami akaweka dhumna moja ubaoni. "Imelalia rangi gani?"

"Nyeusi moja, nyeupe moja."

"Isogeze. Ilaze. Isimamishe."

Ni ileile, popote. Nikahesabu vyumba: vyeusi 32, vyeupe 30. Nilitamani kumrushia boksi lake.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ule mgeuzo wangu. Robo mzunguko hugeuza cheusi kuwa cheupe. Nusu mzunguko hukirudisha kila chumba kwenye rangi yake. Ndiyo maana pembe za mshazari ni za rangi moja. Ulinganifu ulionipa matumaini ndio huohuo uliofunga mlango!

Chuoni nilikuja kujua kwamba fumbo lile lilitolewa na mwanafalsafa Max Black mwaka 1946. Ami hakuwahi kuniambia alilipata wapi.

Usiku wa pili nilikwenda na boksi langu, nimekata cheusi kimoja na cheupe kimoja ovyoovyo, ubao wa sura mbaya kabisa. Ulijaa. (Mwanahisabati Ralph Gomory alithibitisha kwamba hujaa daima, popote utakapokata, mimi nilibahatisha.) Ami akaukagua chumba kwa chumba, akaninunulia urojo. Bakuli moja tu.