Kitanda cha mninga na mbao za usiku

Jumamosi nilienda Keko, kule kwa mafundi wa fanicha hapa Dar, kutafuta kitanda cha tano kwa sita, cha mninga maana kwetu tangu enzi za mama kitanda ni mninga tu, fundi akanitajia bei mbili. Moja ya mbao zilizogongwa nyundo ya TFS, yaani alama ya Wakala wa Misitu kwamba ni halali, nyingine ya mbao "za usiku", zilizokatwa kwa wizi. Tofauti yake dada, godoro unapata. Nikamwambia nitarudi, ila mpaka leo jambo hili linanikaa kichwani.

Sisi wa mjini tumezoea kuwasema wanakijiji, eti umaskini wao ndo unamaliza misitu. Umaskini upo kweli, mtu ada ya mtoto inamsubiri, korosho haijalipwa, halafu anakuja mgeni na chenso yake, msumeno wa mashine, na mafuta yake na hela mkononi, atakataaje? Lakini yule anapata hela ya gogo basi, faida inaliwa huku kwetu, na chenso haiwashwi bila mtu wa Dar kuagiza mbao.

Na mji unavyotanuka ndo ukataji unavyosogea. Kuna watafiti walipima hilo, mwaka 1991 miti ya bei ilikuwa inakatwa karibu tu na Dar, ilipofika 2005 wakataji walishafika kama kilometa 200 huko. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, zamani watu wa kusini walikuwa wanateseka na pantoni, mvua ikinyesha ndo kabisa, daraja lile ni neema na silisemi vibaya, ila malori ya magogo nayo yakapata njia na ukaguzi haukwenda na kasi yake. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha serikali ilikuwa inapoteza mpaka asilimia 96 ya ushuru wa mbao ambao ingeweza kukusanya. 96! Hizo sio mbao za kubeba kwenye bodaboda usiku, hapo kuna watu wenye ofisi walifumba macho, na mimi hilo ndo linaniuma kuliko chenso ya kijijini.

Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa, nani atausubiri kama sio wake? Ndo maana napenda habari za Kilwa, vijiji kama Nanjirinji vina misitu yao kisheria, wanavuna kidogo kidogo, wanauza wenyewe kwa bei inayoeleweka, hela inajenga kijiji, na doria wanafanya wenyewe maana mwizi akija anawaibia wao.

Jana nimerudi Keko. Nikamwambia fundi nataka mtiki wa shambani na risiti ya mbao niione. Akaniangalia kidogo, akasema dada, miaka yote nipo hapa wateja wananiuliza bei na rangi ya vanishi tu. Kesho anaenda kunitafutia.