Leo imeamkia Ihumwa

Mwanangu wa mwisho ana swali lake la jioni. Nikishuka tu, mkoba ungali begani, anakuja mbio: "Shikamoo mama. Leo imeamkia wapi?" Namjibu, "Marahaba. Nanenane." Anaguna kama mzee wa kanisa, anapokea mkoba, mazungumzo yanaishia hapo. Leo nimemjibu Ihumwa. Hakuguna. Alisimama akaniangalia, akasema, "Mbona karibu hivyo?"

Anayeuliziwa ni injini. Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2 kama magari mengine ya watu, ila chini ya sakafu limebeba betri ya yuniti 12 ambayo naichaji kwa kuchomeka ukutani, nyumbani, kama simu. Asubuhi naondoka kwa umeme mtupu. Umeme ukikaribia kuisha, injini inaamka yenyewe bila kuniomba ruhusa, nasikia mngurumo mdogo mbele ya miguu, na kuanzia hapo naenda kwa wese kama kila mtu.

Nakaa Nkuhungu, hapa Dodoma, kazi iko Mtumba. Kwa dashibodi yangu ni kilomita 22 kwenda, na 22 nyingine kurudi. Nilipolipata gari mwaka 2022, likiwa na miaka saba kutoka Japani, chaji moja ilinifikisha kazini na kunirudisha mpaka Ipagala ndipo injini ikaamka. Mwaka uliofuata ikawa inaamkia Nanenane, pale mabasi yanapokata kuingia stendi. Sasa Ihumwa, karibu kabisa na kazini. Kwa hiyo wengine wanapima uzee wa betri kwa kifaa cha fundi, sisi tunaupima kwa vituo vya daladala.

Kazini kuna kaka mmoja ambaye kila tukikutana maegeshoni lazima anikumbushe kwamba hata Aqua yake ni haibridi, kwa hiyo nisijione. Ana haki ya kuchanganya, jina ni moja. Haibridi za aina yake, tangu Prius ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, zina betri ndogo ya kama yuniti moja au mbili tu, na hazina pa kuchomeka. Umeme wake wote unatoka kwenye injini na kwenye breki, maana yake ukifuatilia kila kilomita mpaka mwisho utafika sheli. Langu linakunywa kwenye LUKU kwanza, sheli baadaye. Nikamweleza hivyo. Akaniuliza, "Sasa dada, ukisafiri usiku unachomeka kwenye mti gani?" Nikaona nimwache.

Kwenye hela niseme wazi, kwa sababu ndicho kila mtu anauliza. Chaji inakula yuniti 8 hivi, zile zinazopotea njiani kama joto zikiwemo. Bei ya yuniti kwetu ni shilingi 292 kabla ya makato. Ongeza VAT asilimia 18, ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1, unafika kama 356. Yuniti 8 ni shilingi 2,850. Lita moja ya petroli hapa Dodoma mwaka 2025 ilikuwa ikicheza kwenye elfu tatu. Yaani usiku mmoja wa kuchomeka ni chini kidogo ya lita moja, na hiyo "lita" inanipeleka kilomita 30 badala ya kumi na ushee. Kilomita zinazobaki nazimalizia kwa petroli. Gari langu la zamani lilikuwa linakula karibu laki tatu kwa mwezi kwa njia hii hii. Hili, umeme na mafuta pamoja, laki moja na arobaini hivi.

Lakini kuna kitu sikukipigia hesabu. Kabla ya gari tulikuwa kwenye ile bei ya wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato. Mwezi wa kwanza wa kuchaji tukaruka huko juu, na tulipohama tulihama na friji, na pasi, na taa ya barazani. Baba watoto alinunua umeme wa elfu kumi kama kawaida yake, akaangalia yuniti zilizoingia, akaninyooshea simu bila kusema neno. Mpaka leo akikuta taa ya chooni inawaka anasema, "Zimeni, hatuko tena kwenye mia."

Sasa nije kwenye ethi, ule waya wa usalama unaozama ardhini, maana hiyo ndiyo imenifundisha mji huu kuliko kitu kingine.

Wiki ya kwanza nilichaji kwa ekstensheni ya kawaida iliyopita dirishani. Usiku wa tatu nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa, tundu moja la soketi limekuwa jeusi. Gari linavuta umeme mwingi kwa masaa manne au matano bila kupumzika, na ekstensheni ile ilitengenezwa kwa ajili ya redio na chaja za simu. Nikamwita fundi. Akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye meni swichi, akaweka breka yake na soketi ya bluu ya viwandani ukutani nje. Kazi safi. Nikachomeka: taa nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka tena: nyekundu. Kile kisanduku cha kwenye waya wa chaji kinapima kwanza kama kuna ethi ya kueleweka, kisipoiona kinagoma.

Fundi akachuchumaa akagusa udongo pale nondo ya ethi ilipozama. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa nne. Akauponda kwa vidole ukawa unga, upepo ukaupeperusha. "Mama, ethi ipo," akasema, "ila imekaa kwenye vumbi. Udongo mkavu haupitishi umeme." Akachimba shimo kuizunguka, akashindilia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, tabaka kwa tabaka, akaomba ndoo ya maji, akamimina polepole kama anayepanda mche. Tukasubiri. Tukachomeka. Kijani.

"Kiangazi ukiona nyekundu," akasema akikung'uta mikono, "mpe maji."

Basi kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zije, mimi ni mwanamke anayemwagilia gari. Maji yenyewe kwetu yanatoka kwa zamu, kwa hiyo ethi inapewa ya kuoshea vyombo. Jirani yangu, mama wa Kigogo mwenye maneno machache, alinitazama kwa wiki mbili kutoka upande wa pili wa michongoma. Siku moja akashindwa kuvumilia: "Jirani, mbukwenyi. Hapo ukutani umepanda nini kisichoota?" Nikamweleza kwa kirefu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, kikiota utanipa mbegu."

Mwezi wa sita na wa saba kuna balaa lingine. Asubuhi za Dodoma wakati huo upepo unakata masikio. Kwenye gari langu joto la ndani linatoka kwenye maji ya injini, hakuna hita ya umeme. Nikiwasha joto, injini inaamka palepale getini kwangu, na hesabu yote imeharibika. Kwa hiyo naendesha nimevaa sweta, nimejifunga na kanga magotini, madirisha yamefungwa, natetemeka ndani ya gari la mamilioni kwa ajili ya kuokoa mafuta ya miatano. Najua ni ujinga. Nafanya hivyo kila mwaka.

Ule mgao wa mwishoni mwa 2023, mpaka mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024, ulinionyesha kitu kingine. Usipokuwepo umeme usiku, asubuhi unabaki na gari la petroli lililobeba betri yenye uzito wa watu watatu wazima. Halisimami, halikulazi njiani, na hapo ndipo nilipoacha kuwaonea wivu wenye magari ya umeme mtupu. Lakini linakula.

Mgao huohuo ulilipa jina kijijini. Mama yangu yuko Mvumi. Tulienda Jumamosi moja tukakuta giza la siku mbili, simu za ukoo mzima zimekufa. Nyuma kwenye buti kuna soketi ya umeme wa kawaida, ila ya Kijapani: volti 100, matundu mawili bapa. Friji yetu ya volti 230 usiiguse hapo. Chaja za simu hazina shida, nyingi zinapokea kuanzia 100 mpaka 240. Nikachomeka kibadilishi, nikaunga ekstensheni (mpya, ya waya mnene, nilishajifunza), nikaiweka juu ya kigoda chini ya mbuyu. Ndani ya nusu saa simu kumi na nne zimelala pale kama dagaa juani. Mjomba akaja na redio. Kijana mmoja akauliza tunatoza bei gani. Mama akamkemea: "Hili ni gari la mtoto wangu, si kibanda." Halafu, alipoondoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani wangelipa?"

Tatizo la Mvumi ni mbuzi. Ukienda polepole kwa umeme gari linatoa kimluzi chembamba cha kuwashtua waenda kwa miguu. Watoto wanakisikia, wanakikimbilia. Mbuzi wa Kigogo amefundishwa na lori, hatambui kimluzi. Nimeshasimama nyuma ya beberu akitafuna mfuko katikati ya barabara, hajui kama nipo. Nikibonyeza kitufe kinacholazimisha injini iwake ndipo anageuza kichwa.

Safari ndefu siku hizi ni chache. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma katikati ya 2024 niliacha kulipeleka gari Dar. Mara ya mwisho kwenda nalo mbali ilikuwa Morogoro kwenye harusi, na njiani lilinifurahisha: Kibaigwa, Gairo, kila penye kibao cha 50 na tochi ya trafiki kichakani, nainua mguu, gari linajipunguza lenyewe huku likirudisha umeme kwenye betri. Wenzangu wanavilaani vibao, mimi vinanichajia.

Asubuhi ya pili, Morogoro, nabonyeza kuwasha: kimya. Si kimya cha umeme, kimya cha maiti. Milango yenyewe nilifungua kwa ufunguo wa chuma. Betri kubwa jana yake ilikuwa imevuka nusu, tenki limejaa, na gari haliamki. Ikabidi aje dereva wa bajaji pale nje ya nyumba ya wageni, akacheka mpaka akaketi. "Mama, si la umeme hili? Umeme umeenda wapi?" Kumbe kuna betri nyingine, ndogo, ya volti 12 kama ya gari lolote, imejificha pembeni kwenye buti. Hiyo ndiyo inaamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inafungulia betri kubwa. Ndogo imekufa, kubwa imefungiwa nje. Tulibusti kwa betri ya bajaji, dashibodi ikawaka yote kama mti wa Krismasi. Nikampa elfu kumi. Alikataa mbili zaidi, akasema hadithi inamtosha.

Watu wananiambia, mbona usichaji kazini? Pale ninapoegesha kuna soketi ukutani, nimeiona, iko hatua mbili kutoka kwenye bampa. Ningechomeka saa mbili asubuhi, jioni nafika Nkuhungu injini haijaguna. Nimeifikiria zaidi ya mara moja, na mara moja niliutoa waya kabisa, nikaushika mkononi. Nikawaza dereva wa idara akifyonza petroli ya gari la ofisi kwa mpira, anajaza pikipiki yake. Tofauti ni nini, kwamba umeme haunuki? Kuomba kibali nako naona aibu. Barua ya kuomba yuniti 5 ipite kwa wakubwa wangapi? Nikaurudisha waya kwenye buti. Soketi ipo, naipita kila asubuhi, hatusalimiani.

Kwa hiyo leo, Ihumwa. Kilomita tano tu kutoka ofisini, foleni ya jioni bado haijakolea, na mngurumo ukaja. Nilizima redio nihakikishe. Mwezi wa kumi tena, gari lilishinda juani kwa sababu kivuli cha mti wetu kilikuwa kimewahiwa. Labda ni joto, labda nilikimbia sana asubuhi. Mwanangu nimemwambia hivyo, labda ni joto. Akasema, "Juzi pia kulikuwa na joto."

Nimetoka na ndoo ya maji ya vyombo, nimeimimina pale penye mkaa na chumvi, nikasubiri iingie. Nikachomeka. Kijani, bila kurudia. Ndani LUKU inapiga kelele, zimebaki yuniti tisa, na gari peke yake litataka saba au nane. Nimemwomba baba watoto anunue umeme kabla hatujalala. Ameniuliza, wa nyumba au wa gari?